Kumsafirisha Ayala Uliyemwinda Kutoka Jimbo Moja la Marekani Hadi Jingine: Kinachovuka na Kinachobaki

Mtu aliyekulia katika nyumba ambayo mbuzi akichinjwa hakitupwi kitu, ambamo kichwa huchemshiwa supu, mifupa ya mgongo hugombaniwa kwa ajili ya uboho, na bandama huchomwa makaani hata kabla nyama haijagawanywa, atazishangaa sheria za kusafirisha mzoga wa ayala nchini Marekani. Sheria hizo huiruhusu steki, ngozi na pembe zivuke mpaka wa jimbo, lakini huzuia karibu kila kiungo ambacho mila zetu hukithamini. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwindaji mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi huko, na ili maelezo yasielee hewani nimechukua safari moja mahususi: kuwinda Wisconsin mwezi wa Novemba na kurudi nyumbani Minnesota kwa barabara kuu ya I-94, ambayo huvuka mto St. Croix karibu na mji wa Hudson.

Kwanza jina. Mnyama huyu wengi wetu humwita kulungu au paa, ingawa kulungu na paa wa Afrika ni wa ukoo mwingine kabisa, wenye pembe zisizodondoka. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamemkuta kwa jina la ayala, na hilo ndilo nitakalolitumia. Tofauti hii si ya kamusi tu, kwa kuwa sheria zinazozungumziwa hapa zinahusu jamii ya ayala peke yake: ayala mwenye mkia mweupe, ayala mwenye masikio makubwa wa magharibi, elki (elk), musi (moose) na kongoni wa barafu anayejulikana pia kama karibu (caribou).

Sababu ya sheria zenyewe ni ugonjwa sugu wa kukonda, ambao mabango na fomu zote za Marekani huuandika kwa kifupi CWD. Uligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa ayala waliofugwa katika kituo cha utafiti huko Colorado, ukaonekana kwa elki wa mwituni katika jimbo hilohilo mwaka 1981, na mwaka 2002 ukathibitishwa Wisconsin, mara ya kwanza kuonekana mashariki ya mto Mississippi. Leo umefika katika majimbo zaidi ya 30, na nje ya Marekani umepatikana Kanada, Korea Kusini, Norway, Finland na Sweden. Hausababishwi na bakteria wala virusi, bali na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya ambayo huzifundisha protini nyingine kujikunja vivyo hivyo, mpaka ubongo wa mnyama utobokatoboke kama sifongo.

Anayetoka katika jamii ya wafugaji anajua maana ya karantini, na anakumbuka kwamba sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa mababu zetu, hatimaye ilishindwa kwa chanjo na kutangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011. Ugonjwa huu hauna chanjo wala tiba. Prioni haifi kwa kupikwa wala kwa kugandishwa, na mzoga ukitupwa kichakani prioni zake hukaa udongoni kwa miaka, zikimsubiri ayala mwingine aje kulisha hapo. Isitoshe, mnyama anaweza kukaa nao mwaka mmoja na nusu hadi miaka 2 akiwa mnene, mwepesi wa kukimbia na asiye na dalili yoyote, kwa hiyo mwindaji anayesema "wangu alikuwa mzima" hana anachokijua. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa ugonjwa huu. Hata hivyo mamlaka za afya hushauri nyama ya mnyama aliyepatikana nao isiliwe.

Prioni hujazana zaidi katika ubongo, ugwe wa mgongo (ule uzi mweupe unaopita ndani ya pingili), macho, bandama, na tezi za limfu, hasa zile zilizo nyuma ya koo. Ukiyashika haya matano, utaikisia sheria ya jimbo lolote kabla hujaisoma. Lakini usome.

Hatua ya kwanza: soma sheria za majimbo yote ya njiani kabla ya kununua leseni

Kosa la kawaida ni kusoma sheria za jimbo unakokwenda kuwinda na kusahau za jimbo unakorudi. Jimbo la uwindaji ndilo linalotawala leseni, tagi (lebo ya kumtambulisha mnyama aliyewindwa), msimu na namna ya kutoa taarifa. Jimbo la nyumbani ndilo linalotawala kinachoingia, na kwa suala la mzoga hilo la pili mara nyingi ndilo kali zaidi.

Majimbo hayafuati mtindo mmoja. Minnesota hairuhusu mzoga mzima wa ayala, elki, karibu au musi kuingizwa kutoka popote pale Amerika Kaskazini, na haijalishi kama jimbo la asili lina ugonjwa au halina. New York, ambako ugonjwa ulionekana mwaka 2005, nayo imeufunga mlango kwa mizoga mizima ya nje. Maine iliweka katazo kama hilo huku ikimwachia jirani yake New Hampshire peke yake. Majimbo mengine huweka orodha ya majimbo yenye ugonjwa, na kwa kuwa orodha hiyo hubadilika kila unapogunduliwa mahali papya, ukurasa uliochapishwa mwaka jana hauna thamani. Mengine tena huchora maeneo ndani ya jimbo lenyewe, ambapo mzoga haupaswi kutoka wilaya moja kwenda nyingine hata kama hujaukaribia mpaka wa jimbo.

Usisahau majimbo ya kupita. Anayetoka Wyoming kwenda Minnesota hupita Dakota Kusini, na kila jimbo lina maneno yake kuhusu anayepita moja kwa moja bila kushusha mzigo: baadhi humsamehe, baadhi humtaka awe ameshatoa mifupa kama mtu yeyote. Ushauri wangu ni kuandaa nyama kwa kiwango cha jimbo lililo kali kuliko yote katika safari yako, kisha usibishane na mtu barabarani. Maelezo rasmi hupatikana kwa Idara ya Maliasili au idara ya wanyamapori ya kila jimbo, na simu moja kwao huchukua dakika chache. Andika tarehe na jibu ulilopewa.

Juu ya sheria za majimbo iko sheria ya nchi nzima inayoitwa Lacey Act, iliyopitishwa mwaka 1900 kwa juhudi za mbunge John F. Lacey wa Iowa ili kukomesha biashara ya wanyama na ndege walioibiwa jimbo moja na kuuzwa jingine. Kwa sheria hiyo, mnyama aliyepatikana au kusafirishwa kinyume cha sheria ya jimbo, akivushwa mpaka, huligeuza kosa la jimbo kuwa kosa la shirikisho. Adhabu inaweza kufika kifungo cha mwaka 1, na kwa anayefanya biashara akijua, hadi miaka 5, pamoja na kutaifishiwa alichokibeba. Kwa msomaji ambaye bado anangoja uraia jambo hili lina uzito wa ziada, maana fomu ya maombi huuliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa.

Hatua ya pili: funga vifaa kabla ya kuondoka

Utahitaji visu viwili vikali ambavyo havitarudi jikoni, glavu za mpira jozi kadhaa, turubai safi, mifuko mizito ya nyama, mifuko ya takataka ya kutosha kufungia mara mbili, masanduku ya barafu, kalamu isiyofutika, na dawa ya klorini ya kufulia, ambayo sisi huiita jiki hata kama chupa ina jina jingine. Msumeno uache nyumbani, isipokuwa ule utakaotumika kwenye fuvu peke yake.

Hatua ya tatu: tagi na usajili

Fuata maelekezo ya leseni yako mara tu mnyama anapoanguka, kabla ya kumsogeza ikiwa ndivyo sheria ya jimbo inavyotaka. Wisconsin humtaka mwindaji amsajili ayala kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata, kwa simu au mtandaoni, naye hupewa namba ya uthibitisho. Namba hiyo iandike mahali pawili, kwa sababu nyama iliyotolewa mifupa haina sura, na karatasi ndiyo itakayosema kwamba steki hii ilikuwa ayala fulani aliyewindwa siku fulani kwa leseni fulani.

Mwindaji Mwislamu anayemwahi mnyama akiwa hai na kumchinja hana la kuhofia hapa. Kukata koo, umio na mishipa miwili ya shingo kwa mbele hakuugusi ugwe wa mgongo. Ni kukitenganisha kichwa kizima kwa pigo moja ndiko kunakopaswa kuepukwa, na hilo hata fikihi haikulipenda.

Hatua ya nne: kichwa kiende kupimwa

Kipimo hufanywa kwa tezi za limfu za nyuma ya koo au kwa kipande cha shina la ubongo, kwa hiyo kichwa, ambacho hakitakwenda nyumbani kwako kwa vyovyote, kina kazi ya mwisho. Wisconsin hupima bila malipo, na kuna vituo vya kujihudumia ambako mwindaji huondoa pembe, huacha kichwa pamoja na inchi chache za shingo ndani ya mfuko, hujaza fomu na kuondoka na kipande chenye namba. Usikate shingo karibu mno na taya, kwa maana tezi zinazotafutwa ziko hapohapo, na sampuli isiyo na tezi ni safari ya bure.

Hatua ya tano: kutoa nyama mfupani

Hapa ndipo kazi ilipo. Orodha za majimbo mengi hukubaliana juu ya nyama ya aina mbili: nyama iliyotolewa mifupa kabisa, na mapande makubwa kama paja na mkono ambayo hayajabeba sehemu yoyote ya uti wa mgongo wala kichwa. Zote mbili hupatikana bila kukata mfupa hata mmoja, na bila hata kulipasua tumbo, ingawa anayetaka maini na moyo atalifungua.

Mlaze mnyama ubavu juu ya turubai, chana ngozi kuanzia shingoni kufuata mgongo hadi mkiani, kisha ifunue kuelekea tumboni. Anza na mkono wa mbele. Mkono wa ayala, kama wa mbuzi, haukuungwa na mwili kwa kiungo cha mfupa bali kwa misuli tu, kwa hiyo uinue na kupitisha kisu kati ya bega na mbavu, utaachia wenyewe. Paja la nyuma lina kiungo, nacho ni kirungu kilichokaa ndani ya kikombe cha nyonga. Fuata mfupa kwa ncha ya kisu, ukifikie kirungu, kata kano iliyoko katikati, na paja litatoka zima bila msumeno. Yeyote aliyewahi kusaidia kupasua mbuzi wa Idi au wa Krismasi ataikumbuka njia hii mikono ikishika kisu.

Sarara ndiyo sehemu inayohitaji utulivu. Hukaa ndefu pande zote mbili za pingili, kuanzia nyuma ya bega hadi nyonga. Pitisha kisu sambamba na miiba ya pingili, kisha kilaze juu ya mbavu, na uivute nyama nzima kama unavyovua gome la mti. Pingili zenyewe usizikate wala kuzitenganisha, kwani bucha za kawaida hupasua mgongo katikati kwa msumeno wa umeme, na msumeno huo huusambaza ugwe juu ya nyama yote iliyo karibu. Ukimpelekea mchinjaji wa huko mnyama wako, mwombe kwa maneno wazi atoe nyama mfupani bila kupasua mgongo, na amfanyie kazi peke yake bila kuchanganya na wa watu wengine.

Nyama ya shingo inyofoe vipandevipande. Mbavu, kwa maandishi ya sheria, zinaweza kupita zikiwa zimetenganishwa na uti wa mgongo. Mimi huziacha, kwa sababu kuzitenganisha hulazimisha kukata karibu sana na pingili kwa ajili ya nyama ya kikaango kimoja. Katika mafuta ya mapaja na mabega utakuta vijivimbe vya kijivu au kahawia vyenye umbo la haragwe. Hizo ni tezi za limfu. Zitoe pamoja na mafuta yaliyozizunguka. Bandama ibaki. Supu ya kichwa, kwa msimu huu, itapikwa kwa kichwa cha mbuzi kutoka bucha ya halali ya mjini.

Kuna mtego mmoja unaowakamata hata wenyeji. Baadhi ya majimbo, hasa ya magharibi, hutaka ushahidi wa jinsia ya mnyama ubaki umeshikamana na nyama mpaka ifike nyumbani au kwa mchinjaji, kwa kuwa vibali vingi ni vya dume tu au jike tu. Mahali hapo, acha kiungo cha uzazi au kiwele kikiwa kimeshikwa na paja moja kwa asili yake, si kwa kamba wala kwa kuwekwa kwenye mfuko mmoja nalo.

Hatua ya sita: pembe na ngozi

Ngozi hupita ikiwa haina kichwa. Pembe hupita zikiwa tupu, au zikiwa juu ya kipande cha fuvu kilichosafishwa kisibaki na ubongo wala nyama. Kata fuvu kwa msumeno kupitia katikati ya matundu ya macho kuelekea nyuma, ukiwa umevaa glavu na kufunika macho yako, kisha kwangua upande wa ndani, chemsha, sugua kwa brashi mpaka mfupa uonekane mweupe. Kipande chenye utando ndani yake huhesabiwa kuwa hakijasafishwa, hata kama kimekauka. Meno ya juu ya elki yale yanayofananishwa na pembe za ndovu huruhusiwa, na vilevile kichwa ambacho fundi wa kukausha wanyama ameshakimaliza. Kichwa kibichi cha kupeleka kwa fundi nyumbani ni habari nyingine: majimbo machache hukipokea kwa sharti la kukifikisha kwa fundi mwenye leseni ndani ya muda maalumu, na mengi hayakipokei. Ni nafuu kumtafuta fundi wa upande ulikowindia na kurudi baadaye kuchukua kazi iliyokamilika.

Hatua ya saba: mabaki na vifaa

Mgongo, utumbo na mifupa viachwe katika jimbo lile lile, ndani ya mifuko miwili, na vipelekwe kwenye jalala rasmi la taka au kwenye makontena ambayo huwekwa kwa ajili hiyo msimu wa uwindaji, kama yale ya Wisconsin. Usivitupe mtoni, usivimwage kando ya barabara, wala usidhani moto wa kambi utavimaliza.

Visu vioshe kwanza kwa maji na sabuni mpaka kusibaki chembe ya nyama, kisha vilaze dakika 5 katika mchanganyiko wa sehemu 2 za jiki na sehemu 3 za maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kiwango hicho, asilimia 40, huua nguvu ya prioni juu ya chuma, lakini klorini haipenyi kipande cha nyama kilichoganda kwenye mpini. Ndiyo maana kuosha hutangulia.

Hatua ya nane: kufunga na kusafiri

Poza nyama mpaka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi kabla ya kuifunga, na usiiache ielee katika maji ya barafu iliyoyeyuka. Kila mfuko uandike jina lako, namba ya leseni, namba ya usajili, tarehe na mahali pa kuwinda. Weka karatasi hizo pia katika gari, si katika simu pekee, maana chaji huisha na mtandao hupotea pale pale unapomkuta askari wa wanyamapori. Akikusimamisha, mweleze kwanza silaha iko wapi na kwamba imetolewa risasi, kisha mfungulie masanduku. Nyama iliyopangwa ikaonekana haina mfupa wa mgongo huyamaliza mazungumzo haraka.

Ukimpa ndugu au jirani sehemu ya nyama asafiri nayo, mwandikie karatasi yenye jina lako, leseni yako, kiasi ulichompa na sahihi yako. Lakini kuuza hairuhusiwi. Nyama ya ayala wa mwituni haiuzwi Marekani, si kwa mgahawa, si kwa waumini wenzako baada ya ibada, na kuita malipo "mchango wa mafuta ya gari" hakubadilishi kitu mbele ya hakimu.

Hatua ya tisa: kungoja majibu

Nyumbani, gandisha nyama ikiwa imetengwa na nyingine na iwe na namba ya kipimo juu ya kila kifurushi. Kama ulipata ayala wawili, usisage kima chao pamoja. Majibu hutazamwa mtandaoni kwa namba ile uliyoondoka nayo kituoni. Yakisema ugonjwa haukuonekana, pika. Yakisema umeonekana, usiile, usimpe mbwa, na usiwapelekee wageni kwa kutojua kwao. Wapigie simu idara ya jimbo ulikowinda na idara ya jimbo unakoishi, kwa sababu nyama hiyo sasa iko mikononi mwa majimbo mawili. Watakuelekeza jalala linaloipokea, na baadhi ya majimbo humpa mwindaji wa namna hiyo kibali kingine badala ya kile alichokitumia. Funga vifurushi vyote katika mifuko miwili, osha friza, na usafishe tena visu kwa jiki kama ulivyofanya porini.